Maji Yaliyomwagwa Kitabuni

Mwalimu Ethel alijua vizuri kwamba asubuhi ile ndiyo ya kuamuliwa. Mzee Reginald, mwenyekiti wa kamati ya kanisa pale Mnyambe, alikuwa anakuja kuona watoto wa chekechea wanafundishwa nini, na asiporidhika, chumba chao kinageuzwa ghala la korosho. Tangu serikali iwaruhusu wafanyabiashara binafsi kununua korosho, kila mwenye lori alikuwa anatafuta chumba chenye bati zima, na hicho kilikuwa nalo. Mnunuzi mmoja alishakuja kukichungulia, ati anapima madirisha. Ethel alimchukia mpaka viatu vyake.

Ubaya ni kwamba mzee alikuwa na haki ya kuuliza. Kwenye semina ya Masasi Ethel alifundishwa kwamba mtoto mdogo husomewa huku anaulizwa: huyu anafanya nini, unadhani itakuwaje, wewe kwenu mnafanyaje? Mtoto akizoea kujibizana na kitabu, kusoma kwenyewe kutamjia kwa raha. Maneno matamu hayo! Akarudi nayo Mnyambe, akafungua kitabu, akauliza, na watoto wakamtazama tu, mikono wameikunja, wapole kama wako ibadani. Wamelelewa hivyo, jamani, utawalaumu? Mkubwa akisema, mtoto ananyamaza mpaka amalize. Na kitabu nacho kinasema kwa sauti ya mkubwa, basi nani akikatize? Ethel alibembeleza, akanuna, akagawa karanga. Wapi! Walikula karanga, wakashukuru, wakanyamaza.

Mzee akaingia na mkongojo wake. Watoto wote wakasimama.

"Shikamoo babu!"

"Marahaba. Kaeni, wajukuu zangu."

Akapewa kiti karibu na mkeka. Ethel, kwa ujanja, akashika chaki. Alikuwa amepanga kuwaimbisha a, e, i, o, u mpaka paa litikisike, mzee afurahi, aende zake.

"Hiyo acha, Mama Godwin," mzee akamwambia Ethel. "Hiyo hata kuku wangu wameshaisikia huko huko nyumbani. Nionyeshe kile tulichokutuma Masasi ukajifunze."

Loo! Ethel akaweka chaki chini. Akachukua kitabu kipya ambacho watoto walikuwa hawajakiona, akakaa nao mkekani, akakigeuza ili wote waone picha. Kilikuwa kitabu cha msichana wa mjini aitwaye Sikujua. Akasoma ukurasa wa kwanza.

"Sikujua ameshika nini?"

Kimya. Akasoma wa pili.

"Mnadhani anakwenda wapi?"

Kimya. Nurdin, mtoto wa fundi cherehani, alikuwa ameikodolea picha macho, lakini mdomo ameufunga. Mzee akakohoa kile kikohozi chake cha mkutanoni, cha mtu aliyeona ya kutosha. Ethel alitamani kulia. Akajikaza, akafunua ukurasa wa tatu.

"'Sikujua alifungua maji. Akamwogesha mwanasesere wake. Kisha akamwaga maji yote uani, akaenda kucheza.'"

"Akamwaga?"

Sauti ilitoka kitini. Mzee Reginald alikuwa ameinuka nusu. "Amemwaga maji? Maji mazima? We mtoto, una wazimu?"

Usimcheke. Maji ya Mnyambe hushukiwa bondeni alfajiri na kupandishwa kichwani, na yale ya kunawia ndiyo hayo hayo yatakayofua tambara, kisha yakanyweshwe mpapai. Mwanamke akijikwaa njiani na ndoo yake, majirani humjia na pole za kweli. Mzee alikuwa amesahau kabisa kwamba amekuja kukagua.

Ethel hakujua acheke au amtulize. Akamgeuzia mzee kitabu. "Mwulize mwenyewe, Baba Erasto. Huyu hapa."

Mzee akainama, akamwelekezea Sikujua mkongojo. "Ndoo nzima hiyo! Mama yako amehangaika..."

"Siyo ndoo, babu. Beseni."

Nurdin huyo! Mtoto wa miaka mitano amemkatiza mwenyekiti, tena amemkosoa, mbele ya watu. Wenzake wakashika midomo. Ethel akaliona ghala hilo tayari, magunia mpaka kwenye kenchi za paa.

Mzee akatoa miwani mfukoni, akaivaa, akaitazama picha.

"Beseni," akasema. "Kweli. Macho yangu haya! Haya, wewe mwenye macho, ungeyafanya nini maji hayo?"

"Ningemwagia mpapai."

"Mimi ningempa mbuzi!" akadakia Anjelina.

"Mbuzi hanywi sabuni!"

"Sabuni iko wapi hapo? Angalia vizuri!"

Basi, ikawa vurugu tupu. Wakambana Ethel kila upande, wakampanda magotini, vidole vimejaa kwenye picha. Kiswahili kikawaishia, wakaingia Kimakonde, naye akawafuata huko huko. Mmoja alisema Sikujua atachapwa. Mwingine akasema atachapwa na nani, mama yake hayupo, si unaona mlango umefungwa? Anjelina akaweka kidole kwenye maandishi.

"Mwalimu, maji yameandikwa wapi?"

"Haya hapa."

Anjelina akalitazama neno lile, kisha akateremsha kidole mstari hadi mstari, taratibu, mpaka akalipata jingine lililofanana nalo. "Na hapa tena!" Hakuna aliyemwonyesha. Ethel alifurahi mno. Siku hii alikuwa ameingoja tangu Masasi.

Alipokumbuka mgeni wake, saa ya ukaguzi ilikuwa imepita zamani. Akafunga kitabu kwa adabu.

"Samahani, Baba Erasto, najua wanakamati wanakusubiri. Sasa, kuhusu chumba..."

"Chumba kina nini?" Mzee alikuwa ameshateremka kitini, amekaa mkekani kati ya Nurdin na Anjelina, miwani bado usoni. "Korosho watazitafutia pengine. Fungua hapo, Mama Godwin, tujue huyu mtoto alichapwa au hakuchapwa. Na usome polepole, maana tuna maswali."