Sauti ya Dwight Ilibaki Getini

Kampuni yetu ya vishikwambi hapa Waterloo ina sheria moja ya kipuuzi kabisa: kishikwambi cha wapinzani wetu wa California hakivuki geti. Ukija nacho, mlinzi anakifungia kabatini mpaka utakapotoka. Eti tutalishikaje soko kama sisi wenyewe tunatumia vya wenzetu.

Sasa mume wangu, Dwight, anaongea kwa hichohicho cha California. Kiharusi kilimnyang'anya sauti na herufi, yeye aliyekuwa akitangaza mpira wa magongo wa barafuni redioni kwa kelele za kuamsha mtaa. Siku hizi anagusa picha, kishikwambi kinamsemea. Kwenye vishikwambi vyetu programu hiyo haipo. Walioitengeneza wako Boston, na nimewabembeleza mwaka mzima watutengenezee na sisi. Wananiuliza tuna watumiaji wangapi. Nikiwatajia vishikwambi tulivyopeleka madukani, wanacheka. Wanataka vilivyo mikononi mwa watu. Nikamwomba bosi wangu, Trevor Bauman, awalipe. Akasema watu wasioongea hawatuongezei hata asilimia moja ya soko. Pesa zikaenda kwenye mchezo wa kishikwambini wa kurusha kuku. Iliniuma.

Jumamosi ilikuwa sherehe ya familia za wafanyakazi. Getini mlinzi akanyoosha mkono. Nikampigia Trevor, nikamweleza kwamba kile si kitu cha kuchezea, ni mdomo wa mume wangu.

"Dada Lorna, leo kuna wapiga picha," akasema. "Wakikiona hicho kwenye meza zetu tumekwisha. Nitampa chetu kipya, bure."

Kabla hajanyang'anywa, Dwight akagusa neno moja: "Washamba." Ile sauti haina hasira wala mzaha, lakini macho yake yalikuwa yanacheka, nami nikacheka. Nikamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu, tukaingia.

Tukakaa kwenye meza ya soseji na mahindi. Watu wakaja kumsalimia, wakasubiri ajibu, wakaondoka. Dwight akanivuta mkono. Nikamwambia avumilie kidogo. Akanivuta tena, kwa nguvu. Nikadhani amechoshwa na hotuba ya Trevor, aliyekuwa akieleza jinsi tutakavyowapiku California kabla ya Krismasi. Hotuba ilipokwisha, Trevor akaja na mpiga video nyuma yake, akamwekea kishikwambi kipya mapajani.

"Haya mzee, neno moja tu kwa wateja wetu."

Dwight akapapasa kioo. Kuku wakaruka. Akapapasa tena, uso umemwiva, kisha akanitazama kwa macho ambayo sitaki kuyaona tena. Nikakimbia getini, nikamwambia mlinzi afungue kabati au nilivunje. Akafungua.

Niliporudi, video ilikuwa bado inachukuliwa. Trevor alikuwa anatabasamu mpaka alipoona nilichobeba, akaniomba nikifiche. Nikakiweka juu ya kile chake, palepale mapajani mwa mume wangu.

Dwight akagusa picha.

"Choo," ikasema ile sauti.

Nikashika kiti nianze kusukuma. Akanizuia, akatikisa kichwa, akagusa picha nyingine.

"Nimechelewa."

Trevor akanyoosha mkono kuchukua kishikwambi chake, akaurudisha upesi. Kilikuwa kimelowa.

"Chukua," nikamwambia. "Mteja wako keshasema."