Mizigo Arobaini ya Sudi

Jumatatu, baada ya kufagia uwanja na kukaguliwa kucha, darasa la nne la shule ya Sudi lilitoa vibao kwa ajili ya hesabu za mafumbo. Mwalimu Eusebio, Mmakonde wa kutoka juu Newala, ambaye hata kumwita mtoto mvivu aliomba radhi kwanza, alifungua kitabu kilicholetwa na ofisi ya elimu. Alisoma polepole ili wote waandike: "Wapagazi arobaini waliondoka pwani kwenda Masasi. Waliorudi ni ishirini na saba. Je, wangapi hawakurudi?"

Nje ya dirisha Mwanaasha alikuwa akigeuza vitumbua. Kwa kawaida mafumbo yale hayakumhusu. Mtu akiamua kujaza pipa lenye tundu, alijisemea, shauri yake. Lakini hili lilimfanya aache kijiko mafutani. Mumewe, Pazi, alichukuliwa upagazi wakati wa vita ya Mwingereza na Mjerumani, na toka siku ile hakuna aliyeleta habari zake, za heri wala za shari.

Watoto wakaandika, wakafuta kwa mate, wakaandika tena. Jibu likawa kumi na tatu. Mwalimu aliliandika ubaoni, na kengele ya mapumziko ilipolia watoto walikuta wanaume kumi na watatu wamekaa barazani, kila mmoja na mzigo wake kichwani. Wakawatolea shikamoo, wakaitikiwa marahaba, wakawaruka miguu na kukimbilia vitumbua.

Pazi alikuwa wa tatu kutoka mlangoni. Mwanaasha alimjua kwa kovu lake la juu ya jicho. Hakuwa amezeeka hata kidogo. Aliyezeeka ni yeye Mwanaasha, na jambo hilo lilimuudhi. Alifuta mikono akamwendea, akamuuliza mbona hatui mzigo.

"Tumeambiwa tungoje," Pazi alisema.

"Mnangoja nini?"

Hakujua. Mapumziko yalipokwisha mwalimu alifuta ubao kwa somo la jiografia, na barazani hapakubaki mtu.

Sasa shida ya Mwanaasha ilikuwa hii. Miaka yote hiyo hakuwa mke wala mjane. Abilahi, mpika chumvi, mtu mpole asiyejua kukata tamaa, alishamposa mara mbili. Sheikh wa mtaa alikuwa tayari kumfungulia njia: aseme tu kwamba mume kamtelekeza, ndoa ivunjwe. Mwanaasha alikataa katakata. Pazi hakumtupa, alikamatwa mlangoni mwake, kata ya maji mkononi. Alichokitaka Mwanaasha ni kukaa eda, miezi minne na siku kumi, amlilie mumewe kama wanawake wengine wanavyowalilia waume zao, ndipo mengine yafuate. Na eda haikaliwi kwa kudhani.

Basi akamwomba mwalimu aitoe hesabu ile kila siku, na Mwalimu Eusebio hakuwa na moyo wa kukataa. Akaongeza na nyingine za kwake. Wapagazi kumi na watatu wana mizigo kumi na mitatu, wametua kumi na mitatu, imebaki mingapi vichwani? Watoto walipojibu, mizigo ilishuka barazani kwa kishindo mpaka chaki ikaanguka. Vibaba ishirini na sita vya mchele vigawanywe kwa watu kumi na watatu: wanaume wale walikula viwili viwili na hawakusaza punje. Darasa la nne likawa hodari wa kugawanya kuliko shule zote za pwani ile. Siku moja mwalimu alijaribu kuandika kwamba wote wamerudi makwao. Waliinuka, wakafika ukingo wa baraza, wakasimama kidogo, wakarudi kukaa. Kitabu kilishasema hawakurudi, na chaki ya mwalimu haina ubavu wa kushindana na kitabu cha serikali.

Mwanaasha akamleta sheikh ajionee. Sheikh alisimama mbele yao, akatoa salamu, nao wakaitikia kwa pamoja, vizuri kabisa. Akatikisa kichwa.

"Makaburini natoa salamu kila Ijumaa, sijajibiwa hata siku moja," alimwambia. "Huyu anayeitikia, mwanangu, sithubutu kumwita maiti. Niletee neno kutoka bomani."

Mwanaasha akaenda Lindi kwa miguu. Karani wa boma alimsikiliza bila kumfokea, akaingia ndani, akatoka. Alisema mambo ya vita yale yako sawa: mizigo arobaini iliondoka, mizigo arobaini ilifika, hakuna kilichopotea. Mwanaasha akauliza habari za watu. Karani akasema watu hawakuhesabiwa, kwa kuwa kila mzigo ulikuwa na mtu chini yake, na kuhesabu mara mbili ni kujichosha. Na aliyeanguka njiani je? Karani akasema njiani palikuwa na vijiji, na vijijini hapakosekani kichwa kingine cha kutwishwa. Mwanaasha alirudi akilia njia nzima, na kilio chake kilikuwa cha hasira kuliko cha huzuni.

Mwezi uliofuata akaja mkaguzi wa shule, Mzungu kijana aliyeungua pua. Aliwaambia wale wa barazani wavute miguu apite, akaingia, akasifu sana kugawanya. Fumbo la wapagazi hakulipenda. Alisema linawatia watoto simanzi na halina faida katika maisha ya kila siku. Akalipiga mstari kitabuni, akaandika lingine, na mwalimu akalisoma: "Mizigo arobaini inatakiwa Masasi. Mpagazi mmoja hubeba mzigo mmoja. Je, wanatakiwa wapagazi wangapi?" Darasa zima likapata.

Barazani Pazi na wenzake hawakuwapo tena. Palikuwa na mizigo arobaini, magunia na masanduku, imepangwa hadi kwenye makuti ya paa, na juu ya kila mmoja ngata mpya ya kuwekea kichwani. Mwanaasha alipita katikati yake akiita jina la mumewe, mwisho akaacha. Akaenda kwa sheikh kumwambia kwamba sasa Pazi haitikii. Sheikh alimhurumia kweli. Lakini alisema haitikii kwa sababu hayupo, na kitabuni nako sasa hakuna aliyeandikwa kwamba hakurudi, basi asubiri. Mwanaasha alikwenda zake bila kuaga.

Alhamisi jumbe alipata amri kutoka bomani. Wanatakiwa wapagazi arobaini. Sudi ikawatoa: wavuvi, wagema, fundi cherehani mmoja, na Abilahi, aliyekutwa mbele ya chungu chake cha chumvi. Wakapangwa barazani, wakatwishwa. Abilahi, shingo imekaza chini ya sanduku, alimwambia Mwanaasha kwamba akirudi atamposa mara ya tatu.

Mwanaasha alimshika mkono mbele za watu, jambo ambalo mwanamke wa Sudi hafanyi, akamsogelea sikioni.

"Ukifa, usife peke yako," alimwambia. "Fia mahali penye watu, na uwatajie jina langu."

Abilahi akasema inshallah. Askari akapita akihesabu mizigo, ikatimia, wakaondoka.