Wadderby wa Grimsby

Muriel Wadderby alikuwa mtunza jina. Kazi hiyo haina mshahara wala kofia, lakini katika ukoo wao hakuna aliyeidharau, maana jina lenyewe lilikuwa adimu. Kule Uingereza yako majina ambayo ukirusha jiwe sokoni halikosi kumpata mwenyewe. Wadderby si mojawapo. Limetoka katika kijiji cha Wadderby, jimbo la Lincolnshire: nyumba ishirini na saba, kanisa la mawe, kanisa dogo la Kimethodisti la matofali, ukumbi wenye paa la bati, na kabichi pande zote mpaka macho yachoke. Mtu mmoja wa zamani sana alihama kijijini akaenda kijiji cha jirani, wenyeji wakamwita kwa jina la alikotoka, na wote wenye jina hilo wamezaliwa na huyo mmoja.

Ukumbini palikuwa na ramani mbili ukutani. Ya kushoto ilikuwa ya mwaka 1881, serikali ilipohesabu watu nyumba kwa nyumba: pini nyekundu arobaini na tatu, karibu zote zimebanana kuzunguka kijiji kama kuku wanaozunguka mtama, na nne zimetangatanga mpaka mji wa Hull. Ya kulia ilikuwa ya leo, pini za buluu. Kila Jumamosi ya kwanza ya Septemba wanaukoo walikusanyika, wakala mkate wa zabibu kavu uliopakwa siagi na vipande vya nyama ya nguruwe iliyookwa, kisha kila mwenye jina akaenda kuigusa pini yake. Mtu akifa, jamaa wa karibu aliing'oa pini yake mbele ya wote na kuitia kwenye kopo la bati. Na kanuni ilikuwa moja: pini ni ya damu. Aliyebeba jina bila damu hapewi.

Mwaka huu wa 2017 pini za buluu zilikuwa zimebaki kumi na moja.

Jumanne moja ya Agosti, Desmond Wadderby, mwenyekiti wao, daktari wa mifugo mstaafu, alimletea Muriel nyumbani kurasa za kitabu cha jina. Ilikuwa kazi ya Muriel ya miaka thelathini, yote kwa mkono wake. Kilichobaki ni kuzikagua na kutia sahihi, na Ijumaa ziende kupigwa chapa ili kitabu kiwahi mkutano. Desmond alikaa, akanywa chai vikombe viwili, akahesabu kwa vidole vyake vinene waliobaki. Wazee na wagumba; mabinti walikwisha kuolewa wakabadili jina.

"Dada yangu," akasema, "kumi na moja, na hakuna hata mmoja wetu awezaye kutuletea kitoto. Ningekuwa nahukumu ng'ombe ningesema zizi hili lifungwe."

Muriel alicheka kwa mdomo tu. Macho yake yalikuwa kwenye ukurasa wa sitini na nne, ambako paliandikwa hivi: Wadderby wa Grimsby. Kizazi cha mtoto wa kuokotwa, aliyepewa jina la parokia. Hawana undugu nasi.

Maneno hayo yalikuwa ya uongo, na aliyeyatunga ni yeye.

Ilikuwa hivi. Mwaka 1998 mtu mmoja wa mji wa bandari wa Grimsby, Raymond Wadderby, mkata minofu ya samaki sokoni, aliandika barua ya adabu. Alisikia kuna ukoo unaotafuta watu wake. Baba yake, Albert, alikulia katika nyumba ya maskini, ile waliyokuwa wakifungiwa fukara na yatima zamani, na hakuwahi kujua kwao. Je, wao ni wa Wadderby wale? Muriel alifurahi kama aliyeokota lulu. Wiki ile ile akachoma pini mbili za buluu pale Grimsby, moja ya Raymond na moja ya mwanawe Neil, halafu akaenda kupekua madaftari ya ile nyumba ya maskini. Huko akakuta mstari mmoja wa mwaka 1902, wino umegeuka rangi ya chai: Albert Wadderby, miaka minne. Ameletwa na baba yake, Josiah, fundi wa magurudumu.

Josiah fundi wa magurudumu alikuwa babu yake Muriel. Ndiye aliyehubiri katika kanisa la matofali miaka arobaini, na kibao chake cha shaba kiko ukutani: Baba wa Wote Wasio na Baba. Ukoo wote ulijua alimuoa bibi Hannah mwaka huo huo wa 1902. Hakuna aliyejua, wala Muriel mpaka alipoufuata mstari ule katika madaftari ya kanisa, kwamba kabla ya Hannah alikuwapo mke mwingine, Ellen, aliyekufa kwa uzazi, akaacha mtoto ambaye bibi harusi mpya hakumtaka mezani pake.

Wakati huo baba yake Muriel alikuwa hai, mzee wa miaka themanini na sita, haoni vizuri, na kila usiku kabla ya kulala alirudia sala aliyofundishwa na baba yake Josiah. Muriel alikaa na mstari ule kifuani siku tisa. Siku ya kumi akachukua karatasi ya ukoo yenye nembo, akamwandikia Raymond kwamba, kwa masikitiko, utafiti umeonyesha Albert alikuwa mtoto wa kuokotwa. Zamani mtoto aliyeokotwa barazani mwa kanisa alipewa jina la parokia ile, na ndivyo ilivyokuwa kwake. Uongo huo ulikuwa mzuri kwa sababu desturi hiyo ilikuwa ya kweli; watoto wa namna hiyo walikuwa wengi. Kisha akaenda ukumbini peke yake akang'oa zile pini mbili. Kwenye kopo hakuzitia, kwa kuwa wenyewe hawakufa.

Raymond alijibu mara moja tu, mistari mitatu. Alishukuru kwa kuambiwa ukweli. Alisema mwanawe Neil anaoa mwezi wa sita, na kwa kuwa jina si lao kwa haki, amekata shauri kuchukua la mke wake, Kirman. Yeye Raymond ni mzee, atakufa nalo.

Baba yake Muriel alifariki mwaka 2003. Kisingizio kikazikwa naye, lakini Muriel hakuandika kitu. Mwaka wa kwanza alisema ni msiba. Wa pili akasema mambo yamekwisha kupoa. Baada ya hapo hakusema kitu, alikuwa akipita mbele ya ile ramani ya kulia bila kuitazama upande wa bahari. Siku moja alimwona dukani mwanamke na wavulana wawili, mkubwa ana nywele nyekundu kama za kina Wadderby wote, akaacha kikapu chake na siagi ndani akatoka nje. Wala hawakuwa mke na watoto wa Neil. Lakini mwenye hatia huona ndugu kila mahali.

Basi Desmond alipokwisha kuondoka, Muriel hakulala kwa amani. Jumatano alimpigia simu arudi, akamweleza yote, kuanzia Ellen mpaka Kirman. Desmond aliichokonoa pua ya kiatu chake kwa fimbo. Hakumlaumu. Alisema Muriel alifanya alivyofanya kwa ajili ya baba yake, nani asingefanya. Tena Josiah ana kibao, na watu wanakuja toka mbali kukipiga picha. Kitabu kiende kilivyo.

"Na Raymond?" Muriel akauliza.

"Raymond ana miaka themanini na moja, dada. Ngoja kidogo. Hilo litajimaliza lenyewe."

Muriel alihisi uso unamwaka moto, si kwa kumchukia Desmond, bali kwa kuyatambua maneno. Yalikuwa yake mwenyewe. Kila majira ya baridi alikuwa akifungua gazeti la Grimsby kwenye kurasa za vifo, akitafuta jina, na akilikosa alikuwa akihisi kitu ambacho hakupenda kukiita kwa jina lake. Alikuwa akimngoja mtu afe. Muriel, mwalimu wa shule ya Jumapili, anayewapelekea majirani supu.

Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa Grimsby, amevaa koti lake la kijivu, na mkobani nakala ya ule mstari wa 1902. Mtaa wenyewe ulikuwa wa nyumba zilizoshikana, na upepo ulileta harufu ya samaki wa kuoka kwa moshi. Aliyemfungulia mlango alikuwa mzee mrefu, mabega bado mapana, kidole cha shahada cha kushoto kimekatika kifundoni. Nywele zilikuwa nyeupe, lakini nyusi zilibaki nyekundu. Muriel alimwona baba yake amesimama mlangoni.

Alitaja jina. Mzee akamtazama kutoka kofia hadi viatu.

"Wewe ndiye mama wa barua."

"Ndimi."

Alimpisha aingie. Sebuleni palikuwa pasafi, na birika lilikuwa limetoka kuchemka. Raymond akajimiminia chai kikombe kimoja, akatia maziwa, akakoroga, akakaa nacho. Muriel alielewa. Kwao, hata mtu anayekuja kukata umeme huulizwa kama atakunywa chai.

Akasema alichokuja kusema, na hakukipamba. Kwamba Albert hakuokotwa mahali popote. Kwamba alikuwa mtoto wa ndoa, mzaliwa wa kwanza wa Josiah, na kwamba baba zao wawili walikuwa ndugu, baba mmoja. Kwamba yeye aliyajua hayo kabla hajaiandika ile barua. Akaiweka nakala juu ya meza. Raymond hakuigusa.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua."

"Miaka kumi na tisa."

Muriel akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiandalia maneno mengine njiani, kuhusu baba yake na sala ya usiku, lakini mbele ya kile kikombe kimoja aliona ni afadhali ayameze.

Raymond aligeukia dirishani. Alipoanza kuongea ilikuwa kama anauambia mtaa. Alisema baba yake hakuwa msemaji, ila neno moja alilirudia kila Krismasi, akishapata bia yake: kwamba alipokuwa mdogo, mtu mwenye ndevu nyingi nyeusi alimpandisha kwenye mkokoteni wa farasi, wakaenda mbali, akampa andazi lenye zabibu, akamwambia, kaa hapa, nakuja. Watoto wake walikuwa wakimcheka. Walikuwa wakimwigiza mezani, kaa hapa, nakuja.

"Halafu ikaja barua yako," Raymond akasema. "Mtoto wa kuokotwa hana baba wa kumpandisha mkokoteni. Nikasema, kumbe mzee alijitungia. Nilikwenda makaburini, mama, na barua yako mfukoni. Nikamwambia, baba, ulitudanganya maisha yako yote. Tangu siku hiyo sikurudi kumpelekea ua."

Muriel alifumba macho. Miaka yote hiyo alikuwa amehesabu alichowanyima hawa watu: pini, jina, wajukuu wa kulibeba. Hili hakuwa amelihesabu. Alikuwa amemfanya marehemu kuwa mwongo mbele ya mwanawe.

"Ndevu zake zilikuwaje?" Raymond akauliza. "Huyo Josiah wenu."

"Nyeusi. Mpaka kifuani. Nywele nyekundu, lakini ndevu nyeusi kama masizi. Ipo picha yake."

Mzee akaweka kikombe chini, chai ikamwagika kisahanini.

Muriel akajipa moyo wa kusema atalisahihisha kosa lake kitabuni: ukurasa wa sitini na nne utaandikwa upya, na kama Desmond hataki, ajitafutie sahihi nyingine. Akamwomba aje Septemba awe mgeni wao. Raymond alitikisa kichwa. Hakuwa na haja na mkutano wao, wala kitabu, wala nyama yao ya kuokwa. Aliinuka, akafungua droo, akatoa karatasi ya kawaida na kalamu ya wino, akaviweka mbele ya Muriel.

"Neil. Mwandikie Neil. Ule uongo uliuandika kwa mkono wako, na huu ukweli uandike vivyo hivyo. Mimi siwezi kumwambia, atadhani ni uzee."

Muriel alivaa miwani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, watu walimsifia siku zote, lakini asubuhi ile ulikuwa umepinda. Mpendwa Neil, aliandika, mimi ni binamu ya baba yako, na mwaka 1998 niliwadanganya. Akaeleza kuhusu Josiah, na Ellen, na daftari la 1902, na kwamba jina la Wadderby lilikuwa lake kwa haki kuliko la yeyote aliyepata kuligusa kwenye ramani, akilitaka au akiliacha. Hakuomba msamaha. Aliona si mahali pake kumpa yule kijana kazi nyingine, ya kumsamehe.

Raymond aliichukua barua, akaisogeza karibu na dirisha, akaisoma polepole, midomo ikicheza. Alipomaliza hakuirudisha kwa ukali, wala kwa upole.

"Hujaandika ndevu," akasema.

Muriel akaandika ndevu.

"Na andazi."

"Andazi sikuliona kwenye daftari," Muriel akasema, kwa mazoea ya miaka thelathini ya kutoandika kisichokuwa na ushahidi.

"Wewe andika. Baba yangu alisema alipewa."

Muriel akainama tena mezani, akaandika kwamba Josiah alimpa mwanawe andazi lenye zabibu, akamwambia akae pale, anakuja.