Kofia ya Zambarau

…nane nukta sita, potasiamu nane nukta sita, na daktari yuko kwenye simu, "Haloo, maabara, nisomee basi, dawa ya kuishusha ninayo mkononi," nami nimeibana simu kwa bega naitazama karatasi, mwenye namba hii moyo ungeshasimama, na huyu mzee wa kitanda cha sita asubuhi nilipomtoa damu alikuwa ananitania, "Mjukuu wangu, nibakishie kidogo na mimi," nikacheka, mshipa ukagoma, chupa ya kofia ya zambarau ikawa imejaa, ya kofia nyekundu, ndiyo ya kupimia potasiamu, ikaambulia matone… ngoja, kalisiamu yake inasemaje, sufuri nukta nane, lo, potasiamu juu, kalisiamu chini, picha hii naijua, naifundisha wanafunzi kila mwaka kwa mbwembwe, kwamba dawa ya kuzuia damu isigande iliyo ndani ya chupa ya zambarau imejaa potasiamu na inameza kalisiamu, kwa hiyo usimimine damu ya zambarau kwenye nyekundu, hata tone… na nani kamimina? Mimi. Nyani haoni kundule. Nilimhurumia mzee, sikutaka kumchoma mara ya pili, nikasema kidogo tu, nani atajua… "Haloo, unanisikia?" nakusikia, daktari, nakusikia, naweza kusema mashine inasumbua, mashine haina mdomo wa kujitetea, miaka kumi na tisa sijawahi kukataa sampuli yangu mwenyewe, za wauguzi ndiyo nazirudisha, tena na maneno juu, juzi nilimliza yule muuguzi mgeni kwa kosa hili hili, mbele za watu, "Kwani wewe ulisomea wapi?"… nikisingizia mashine daktari atasubiri, au hatasubiri, atasema mzee hali yake si nzuri, tumpe tu, na potasiamu yake ya kweli huenda ni nne, ikishushwa itafika wapi, jamani, moyo ule uliokuwa unanitania asubuhi… aibu yangu, roho yake, hapo kuna cha kupima kweli? "Haloo! Ni ngapi?" naogopa, mama mzima naogopa, haya, fungua mdomo, "Daktari, usimpe kitu. Damu nimeiharibu mimi. Nakuja kumtoa nyingine sasa hivi, na yule muuguzi mgeni mwambie anisubiri hapo kitandani, nina radhi ya kumwomba," simu bado iko begani, mkono tayari unatafuta chupa mpya ya kofia nyekundu…