Wifi Kafungiwa Nje

Bi Sindano hakuwahi kumwonea mumewe wivu kwa ajili ya mwanamke wa nje. Wateja wa kike waliingia karakana wakinukia manukato, wakajirusha kwenye makochi mapya kuyajaribu, wakacheka na mumewe fundi mpaka magego yakaonekana, na yeye hata uso hakuuinua kwenye cherehani. Aliyemchoma roho alikuwa mtu ambaye hata kumlalamikia hakuweza, maana watu wangemshangaa: wifi yake, dada mdogo wa mume, ambaye mume alimwita Kidege tangu utotoni na mpaka leo hajaacha.

Yeye jina la Bi Sindano alipewa na mafundi wa karakana kwa sababu ya kushona. Mumewe alimwita "sikia".

Kazi yao ilikuwa makochi. Mume alipiga fremu, akabana mikanda, akapanga sponji. Mke alikata vitambaa na kushona vifuniko, kona kwa kona, mshono ukikaa pale ulipotakiwa kukaa na si pengine. Naye Kidege, aliyefanya kazi ofisini upande wa pili wa mji, ndiye aliyewatengenezea tovuti kabla Bi Sindano hajaolewa, na ndiye aliyeishika. Kila mwisho wa juma alikuja na kamera, akasogeza kochi dirishani, akapiga picha, akaondoka. Wateja waliandika kwenye tovuti: "Hongera, mna kazi safi!" Na Kidege aliwajibu.

Si kwamba Bi Sindano hakuomba. Alimwambia mara nyingi, "Wifi, nifungulie na mimi akaunti, nijifunze."

"Tutafanya, wifi yangu. Usiwe na haraka."

Hiyo siku ya kufanya haikufika. Hata kubadilisha namba ya simu kwenye ukurasa wa mbele ilibidi kumsubiri Kidege.

Kilichofurisha jipu kilikuwa ujumbe wa mama mmoja aliyenunua kochi la kona, la kitambaa cha kijani. Fundi aliusoma kwa sauti karakana nzima isikie: "Mishono imenyooka kama imechorwa kwa rula." Chini yake Kidege alikuwa amejibu: "Asante sana, tunajitahidi."

"Kidege bwana!" fundi akacheka, akijipiga paja. "Bila yeye mpaka leo tungekuwa tunabandika matangazo kwenye nguzo za umeme."

Bi Sindano aliuma uzi kwa meno akaukata. *Tunajitahidi*. Kochi lile lilimla macho wiki nzima, kitambaa kile kilikuwa kinateleza kama samaki, leo kuna mtu ameketi ofisini kwenye kiyoyozi anajitahidi. Mate aliyomeza yalikuwa machungu kama shubiri.

Alasiri ile fundi alitoka kwenda kuchagua mbao. Kompyuta ya karakana ilikuwa mezani, na akaunti ya fundi iko wazi kama Kidege alivyoiacha, akaunti ya msimamizi, yenye mamlaka yote. Bi Sindano alikuwa ameshatazama kwenye simu masomo kadhaa ya kulinda tovuti. Akafuta vumbi la sponji mikononi, akaketi, akatafuta plagini ya ulinzi, ile programu ndogo unayoiongeza kwenye tovuti iwe kama mlinzi wa getini. Akaibonyeza. Ikaingia.

Mlinzi yule alikuwa na maswali mengi. Ukurasa wa kuingilia uhamishwe? Uhamishwe. Anayekosea neno la siri afungiwe? Afungiwe. Kisha likaja swali lililomfanya atabasamu peke yake: waruhusiwe kuingia watu wote, au walio kwenye mtandao huu unaoutumia sasa tu?

Mtandao huu ni wa karakana. Maana yake Kidege akiwa kwake atabisha hodi wee mpaka vidole viote sugu. Atalazimika kuja hapa, asimame mlangoni, aseme, "Wifi, naomba niingie." Bi Sindano akaiona sura yake ikisema hivyo. Chini ya swali kulikuwa na onyo refu kwa maandishi mekundu. Hakulisoma. Akaweka alama, akahifadhi, akarudi kwenye cherehani akiimba kimoyomoyo.

Jioni fundi alifunga karakana, akazima swichi kubwa kama kawaida yake. Asubuhi akaiwasha. Modemu nayo ikawaka, na kampuni ya mtandao ikaipa anwani mpya, kama inavyofanya kila inapowashwa upya. Hilo Bi Sindano hakulijua. Kwa mlinzi wa getini, aliyeikariri anwani ya jana, karakana yenyewe sasa ilikuwa mgeni asiyejulikana.

Alifungua kompyuta ajionee raha yake. Ukurasa ukamwandikia: "Huruhusiwi kuingia hapa."

Akaandika neno la siri upya, herufi moja moja. Huruhusiwi. Akajaribu kwa simu. Huruhusiwi. Akabonyeza "nimesahau neno la siri", kiungo kikaja kwenye barua pepe ya karakana, akatunga neno jipya, likakubaliwa, na alipogeuka kuingia akarudishwa palepale. Akawaza kuiondoa plagini. Lakini ili uiondoe lazima uwe ndani. Kufuli alilifunga mwenyewe, na ufunguo umebaki mezani ndani ya nyumba.

Simu ya fundi ikaita. Mikono yake ilikuwa na gundi, akaiweka sauti ya juu.

"Kaka, tovuti imenikataa."

"Hapa pia naona mambo hayaendi," fundi akasema, akichungulia kompyuta. "Nadhani wifi ina matatizo."

Bi Sindano akajisogeza pembeni ya kompyuta.

"Maskini! Wifi ana matatizo gani?" Kidege akauliza kwa huruma. "Anaumwa?"

"Siyo wifi yako! Wifi ya mtandao!"

Ndugu wawili wakacheka, wakacheka tena, na mafundi wakadakia. Bi Sindano akacheka nao kwa midomo tu. Hata leo, hata kwa balaa hili, wao wamepata la kuchekea pamoja.

Kicheko kilikatika fundi alipokumbuka oda ya zahanati, makochi ya chumba cha kusubiria wagonjwa. Vipimo vilikuwa ndani ya tovuti, na mbao zilikuwa zimeshalazwa zikatwe. Akampigia mwenye zahanati, simu haikupokelewa. Akazunguka meza. Akasimama, akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka la magodoro.

"Ni yule," akasema taratibu.

"Nani?" Bi Sindano akauliza.

"Muuza magodoro. Juzi kaleta dukani kochi lake la kwanza la kuuza, si uliliona? Na mwezi uliopita alikuja hapa kuomba kuchapisha karatasi, akakaa palepale ulipokaa wewe. Ametuingilia." Akaanza kujifuta gundi. "Leo atanieleza."

"Usiende."

"Kwa nini nisiende?"

Bi Sindano akamsimamia mbele. "Msubiri dada yako kwanza. Aangalie."

Akajisikia akimtaja mkombozi kwa kinywa chake mwenyewe.

Kidege alikuja na kompyuta yake kwapani, akavuta kiti cha Bi Sindano, kile cha cherehani, chenye mto alioushona mwenyewe, akaketi bila kuuliza. Hakugusa kabisa ukurasa wa kuingilia. Alifungua sehemu nyingine, ya kampuni inayohifadhi mafaili ya tovuti.

"Mlango wa mbele ukigoma," akawaambia, "unazungukia uani."

Bi Sindano alisimama nyuma yake, akitazama vile vidole. Alitaka kuvichukia na alitaka kuvijua. Kidege akafungua folda moja, na ndani yake folda nyingine, mpaka akafika kwenye plagini zote, majina yamepangwa. Moja hakuwa ameiweka yeye. Kando yake iliandikwa: jana, alasiri.

Jana alasiri fundi alikuwa sokoni kwenye mbao, na Kidege alilijua hilo, maana alimpigia akiwa hukohuko. Akageuza shingo polepole, akamtazama wifi yake, kisha akarudisha macho kwenye kioo. Akaliongezea jina la folda ile herufi mbili mbele.

"Tovuti itaitafuta kwa jina lake la zamani, haitaiona, itaendelea na mambo yake," akasema.

Akajaribu kuingia. Ikafunguka. Oda ya zahanati ikatokeza, vipimo vyote mahali pake.

Fundi akapiga makofi. "Alikuwa nani? Muuza magodoro?"

"Hapana, kaka. Plagini tu ya ulinzi. Wakati mwingine zinajiongeza zenyewe, zinaleta fujo. Yamekwisha."

"Unaona?" Fundi akamgeukia mkewe. "Nilikwambia mimi. Huyu Kidege ni dhahabu."

Kama Kidege angemwaibisha, Bi Sindano angeinama, angelia, yangekwisha. Lakini kusitiriwa! Na yeye! Sasa hata heshima yake ndani ya nyumba yake iko mkononi mwa wifi, kama ilivyo tovuti, kama alivyo mume.

"Hazijiongezi zenyewe," akasema. "Ni mimi."

Mafundi karakana nzima wakageuka.

"Wewe nini?" fundi akauliza.

"Mimi ndiye niliyeiweka. Nilitaka dada yako asiingie mpaka aniombe."

"Sasa ungeniambia tu, wifi," Kidege akasema, sauti baridi. "Ungeomba."

"Nimeomba mara ngapi?"

Kidege akaanza kukunja waya wa kompyuta.

"Sema mbele ya kaka yako. Mara ngapi?"

"Nyingi," Kidege akajibu, akiitazama meza. Kisha akainua uso, na haukuwa wa huruma tena. "Hii karakana nilifagia mimi kabla yako. Chakula nilileta mimi. Ukaja wewe, kiti kikawa chako, funguo zikawa zako. Nikikupa na tovuti, nitakuja hapa kufanya nini? Kunywa maji?"

Fundi alisimama katikati yao, mikono ina gundi, hajui aiweke wapi. "Mimi sikujua," akasema.

Kidege akafungua akaunti mpya, ya msimamizi kamili, akasukuma kompyuta upande wa pili wa meza. "Andika neno lako la siri. Sitazami." Na kweli akageuka ukutani. Bi Sindano akaandika. Halafu wakairudisha ile plagini, safari hii Kidege akisoma maandishi mekundu kwa sauti, neno kwa neno, kama mwalimu anayemwadhibu mwanafunzi, na Bi Sindano akibonyeza. Lile sharti la mtandao mmoja wakaliacha wazi.

Waliagana kwa "haya, wifi" na "haya, wifi". Fundi akamsindikiza dada yake mpaka kituoni, na Bi Sindano akawaona kupitia dirisha, vichwa vimeinamiana, wakicheka jambo la utotoni pengine. Ule mwiba ukamchoma palepale ulipozoea.

Siku chache baadaye akapiga picha yake mwenyewe. Hakulipiga kochi zima, alipiga kona moja tu ya kochi la zahanati, mshono umesogelewa mpaka unahesabu tundu za sindano. Akaiweka ukurasa wa mbele na kuandika chini yake kwamba mishono yote ni kazi ya mkono wa Bi Sindano. Haikupita hata saa moja simu ikaita.

"Wifi, nani amebadilisha picha ya mbele?"

"Mimi."

"Ile yangu ilikuwa na mwanga mzuri."

"Ilikuwa nayo."

"Watu wameshaanza kuisifia hii," Kidege akasema. "Kaka mwenyewe kanitumia. Anasema hajawahi kuona mshono kwa karibu hivyo."

Bi Sindano aliitambua ile sauti. Aliijua kuliko mtu yeyote, ilivyojikaza wivu usisikike. Alipaswa kumwonea huruma, na atamwonea, labda kesho. Leo aliona utamu mpaka akaogopa.

"Kamera yako iko wapi, wifi?" akamuuliza hatimaye. "Njoo nayo Jumamosi. Hii simu yangu inatia ukungu pembeni."

"Nitaangalia kama nina nafasi," Kidege akajibu, akakata.

Bi Sindano akaweka simu chini, akavuta kitambaa cha oda mpya, akakanyaga pedali.