Mbio za Bi Dhahabu

Nasreen alikuwa amemchora Mbeyu mara kumi na moja, na kila mara Justus, mwenye studio, aliona bado. Mbeyu ndiye shujaa wa filamu ya katuni iliyokuwa ikitengenezwa na vijana wanne katika chumba kimoja cha ghorofani, Mtopanga: mtoto wa Kidigo, miaka kumi na miwili, anayeingia msituni kuitafuta chemchemi iliyopotea. Kwa agizo la Justus alikuwa na kiuno chembamba kama shingo ya chupa, nywele zimemwagika mgongoni, na gauni la kuburura.

"Mtoto wa kwetu angevaa leso," Nasreen alijaribu kusema.

"Watoto wamezoea gauni. Na leso, atakimbia nayo aje? Si itafunguka?"

Nasreen mwenyewe hakuwahi kukimbia na leso. Alasiri ile alivuka feri kurudi Bofu, akamsimulia bibi yake, Bi Dhahabu, aliyekuwa akichambua mchicha.

"Huyo Justus kwao wapi?"

"Machakos, bibi."

"Basi si makosa yake. Kesho twende sote."

Kesho yake Bi Dhahabu alizipanda ngazi za studio polepole, ananukia udi. Justus aliinuka. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hebu sogezeni viti."

Akavua buibui, akabaki na dera na mtandio wake. Akatoa leso mkobani, akaikunja kwa urefu, akaizungusha kiunoni, akakaza fundo.

"Hiki ni kibwebwe. Mimi nikiwa kama huyo mtoto wenu, nilikwea mikorosho hivi hivi. Sasa tazameni."

Akatoka mbio kutoka mlangoni hadi dirishani, mwanamke wa miaka sitini na minane, viwiko nje, visigino vikipiga sakafu pa-pa-pa. Vijana wakaangua kicheko. Nasreen aliona uso unamwaka moto, akatamani kumshika bibi yake mkono waondoke. Lakini Bi Dhahabu naye alikuwa anacheka, tena kuliko wote, na leso haikulegea hata kidogo. Justus hakucheka. Alikuwa ameinua simu, anarekodi.

"Mama, naomba urudie. Polepole kidogo."

"Polepole ndiyo mbio gani hizo?" Akarudia, kasi ile ile.

Nasreen alichora kwa wiki tatu, hatua kwa hatua, akiitazama ile video. Mbeyu alipata kiuno kinene cha kibwebwe, mabutu kichwani, na visigino vyenye kelele.

Filamu ilionyeshwa Jumamosi moja asubuhi katika ukumbi wa shule huko Bofu. Mbeyu alipoanza kukimbia, wasichana wa mstari wa mbele walisimama kwenye mabenchi wakapiga vigelegele, na mwalimu akashindwa kuwakalisha.

"Wallahi, ni mimi yule," Bi Dhahabu alinong'ona. Kisha akamgeukia Justus. "Ila miguu mmenipunja."

"Tutaiongeza, mama," Justus akajibu, naye alionekana kusema kweli.

Baadaye uwanjani wasichana walikuwa wamewavua mama zao leso, wanajifunga, wanashindana hadi ukutani na kurudi. Walikuwa wanagombana nani awe Mbeyu. Nasreen aliketi kizingitini na soda yake baridi, akawahesabu: kina Mbeyu tisa, na wengine wanakuja mbio.