Chumba cha Uani Kilichoitwa Stoo

Mwaka wake wa kwanza kazini kama mthamini wa majengo, Nasma aliandika ripoti ya kurasa sitini na moja kuhusu duka moja la Ilala. Alieleza mpaka mlango wa choo unavyogoma kufungika wakati wa mvua. Benki waliirudisha na ujumbe mfupi: hawajui waanze kusoma wapi. Bosi wake, Polycarp, alimwita mbele ya wenzake.

"Nasma, mthamini hasimulii. Mwenye benki anataka kujua nyumba ni ipi, iko wapi, ina hali gani, ina thamani gani. Basi."

Aibu ile hakuisahau. Alijifunza kukata, na kwa miaka mitatu alikata vizuri, hadi wateja wakaanza kumuomba kwa jina.

Ndipo ikaja kazi ya nyumba ya marehemu Mzee Ammar, hapa hapa Kariakoo, mitaa miwili kutoka ofisini. Ilikuwa nyumba ya zamani ya vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, imebanwa na maghorofa pande zote. Warithi walikuwa wawili, Suud na dada yake Azza aliyeolewa Muscat. Mnunuzi alikuwa amepatikana, anataka kuvunja ajenge ghorofa, na benki yake ilihitaji ripoti ya uthamini kabla ya Jumatatu.

Nasma alikwenda Alhamisi asubuhi. Suud alimfungulia, akamwonyesha vyumba vya mbele vilivyopangishwa wauza vitenge, ambao walishaanza kufunga mizigo. Simu yake ikaita, akatoka nje kuipokea. Nasma akaendelea peke yake mpaka uani.

Pale alimkuta mama mtu mzima amekaa kwenye kigoda anachambua mchele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kupima? Karibu, pima. Changu ndicho kile cha pembeni."

Kilikuwa chumba kimoja cha bati, kimepakwa rangi nyeupe. Ndani mlikuwa na kitanda cha kamba, sanduku la bati, na kanga zimekunjwa juu yake kama za bibi harusi. Nasma alipima urefu na upana, akauliza jina.

"Siti. Siti binti Sadalla. Nimeingia humu mama yake Suud alipopooza, Suud yuko darasa la pili. Nilimuogesha yule mama miaka kumi na moja, nikamlea na mtoto. Alipofariki, Mzee Ammar akaniambia: Siti, humu utatoka kwa jeneza."

"Aliandika popote?"

Bi Siti alicheka. "Maneno ya Mzee Ammar yaandikwe ya nini?"

Jioni ya Ijumaa Nasma aliandika ripoti. Kwenye sehemu ya wakaaji aliandika aya nzima: chumba cha uani anakaa Bi Siti binti Sadalla, zaidi ya miaka thelathini, kwa ruhusa ya marehemu, bila mkataba. Kisha akaisoma ripoti yote tangu mwanzo, kwa jicho la Polycarp. Nyumba itavunjwa. Kinachouzwa ni kiwanja. Chumba cha bati hakiongezi wala hakipunguzi hata shilingi moja. Akaifuta ile aya. Mahali pake akaandika: *Banda moja uani, stoo.*

Hakuna aliyemwagiza. Polycarp aliposoma alitabasamu. "Kurasa nane! Sasa umeiva."

Miezi miwili baadaye, Nasma akipita mtaa ule kwenda kazi nyingine, aliona vumbi na watu wamejaa. Ukuta wa mbele ulikuwa umeshalala chini. Kando ya barabara, juu ya godoro lililofungwa kamba, alikaa Bi Siti, na lile sanduku miguuni. Wasukuma mikokoteni walikuwa wanamzunguka wapite.

Nasma alimwendea msimamizi wa kazi. "Huyu bibi alikuwa anakaa humu!"

"Dada, sisi tunafuata karatasi." Akafungua simu, akamwonyesha ripoti. "Wapangaji wa mbele wameondoka. Nyuma, stoo. Asubuhi tumekuta bibi ndani ya stoo. Tungefanyaje?"

Nasma aliisoma sahihi yake mwenyewe kwenye kioo cha simu. Alirudi akachuchumaa mbele ya Bi Siti. Bi Siti alimtazama kwa muda, akamtambua.

"Ni wewe," alisema. "Waambie basi. Si uliniandika?"

Nasma alimpigia Suud. Alikuja mbio, akasimama ng'ambo ya barabara, akashindwa kuvuka. Nasma akamfuata.

"Mbona hukumwambia kama nyumba imeuzwa?"

"Nilishindwa," Suud alisema. "Kila nikienda uani ananipa chai. Nikasema, mthamini amemwona, ataandika. Benki wakiona kuna mtu ndani, hawatoi pesa mpaka mwenye nyumba ampatie pa kukaa. Mimi na Azza tungelazimika. Nilikuwa nangoja nilazimishwe. Pesa zikaingia, nikasema labda mnunuzi atamwachia kidogo. Hivyo hivyo, siku zikaenda."

Siku ile ile Nasma aliandika barua ya kusahihisha ripoti. Polycarp alikataa kuipitisha, Nasma akaipeleka mwenyewe. Benki walijibu kwamba wamepokea. Kule mtaani shimo la msingi lilikuwa limeshachimbwa.

Bi Siti alichukuliwa na mtoto wa dada yake, Waridi, aliyepanga chumba kimoja Buguruni na watoto watatu. Suud alilipa kodi ya chumba kingine jirani, lakini Bi Siti hakukihamia. Alisema hajui mlango wake. Alianza kuumwa kifua, kisha akaacha kula.

Nasma alimtembelea mara nne. Mara ya tatu alimweleza kila kitu, kuhusu ile aya na alivyoifuta. Bi Siti alisikiliza amefumba macho.

"Ilikuwa refu?" aliuliza.

"Mistari mitatu, bibi."

"Mitatu." Akavuta kanga mpaka kidevuni. "Mimi nisingejua hata mmoja wa kusema juu yangu. Ungeniachia tu jina."

Mara ya nne hakumtambua tena.

Alifariki siku ya Jumanne, akazikwa alasiri. Suud alibeba jeneza kutoka Buguruni mpaka makaburini na hakukubali kupokewa. Nasma alikaa na wanawake kwenye mkeka, amejitanda kanga. Mama mmoja aliyekuwa karibu naye alimuuliza kwa upole, "Wewe ni nani wa marehemu, mwanangu?"

Nasma alifungua mdomo. Yakatoka machozi, na yule mama akadhani ni mjukuu, akamvutia kifuani mwake. Upande wa pili wa mkeka Waridi aliwaona. Alijua Nasma ni nani. Aliinua birika, akamimina kahawa kikombe kimoja, akampitishia Nasma.